Darasa Tulilolizungusha

Koboko, mvua za kwanza

Mama yangu mpenzi,

Assalamu alaikum. Naanza na magoti yako kabla ya jambo lingine lolote, kwa sababu najua ukiulizwa na watu utasema hayaumi. Je, yale mafuta ya mkaratusi niliyokuachia yanasaidia, au umeshayagawa kwa majirani? Kikohozi cha alfajiri kimekwisha? Na ule ukuta wa jikoni uliokuwa umeinama, kaka zangu wameuegemeza au wanangoja ukuangukie? Sisi huku tu hai, alhamdulillahi. Abdala ni mzima. Watoto ni wazima, na huyu wa mwisho ameota meno na anauma kila anachokifikia, mimi nikiwemo. Hamisi, mdogo wangu, wewe unayemsomea Mama, nakuomba usome polepole na usiruke mahali popote. Ukifika penye uzito mpe maji, kisha uendelee.

Barua zako mbili, Mama, zilifika siku moja, zimeletwa na dereva wa lori aliyezichukua posta ya Arua. Umeuliza kwa nini nimenyamaza muhula mzima. Umesema kama mume ananipiga nikuambie, utatoka Mumias kwa miguu kuja kunichukua. Nilicheka niliposoma hapo, kisha nikaona ninalia. Abdala hanipigi, Mama. Sikuandika kwa sababu kila nilipoanza, mkono ulikataa kupita salamu. Leo nimeamua niandike yote.

Unajua ninafundisha hesabu, kidato cha pili, katika shule iliyo nje kidogo ya mji kuelekea Midia. Kabla ya vita shule hii ilikuwa na majengo ya kupendeza, mabati juu na saruji chini. Mwaka wa themanini askari wa serikali mpya walipoingia Koboko kulipiza kisasi, kwa kuwa rais aliyepinduliwa alikuwa wa huku, watu wakakimbilia Sudan na Zaire, na shule ikawa kambi ya askari hao. Watu waliporudi kutoka uhamishoni baada ya miaka mingi walikuta nyasi zimepita vichwa vya watu na mabati yameng'olewa. Mpaka leo darasa langu lina kuta tatu, na juu tumefunga turubai za wakimbizi. Mvua ikinyesha nanyamaza, kwa maana hakuna anayenisikia.

Wanafunzi wangu ni watu wazima wenye sare. Nusu ni watoto wa hapa waliokulia kambini, wakapoteza miaka. Nusu ni Wasudan waliovuka mpaka juzijuzi vita vilipowafuata Yei. Mwanzo wa muhula nilikuwa nawafundisha habari ya maumbo: kusogeza umbo bila kulibadilisha, kulizungusha, kuliakisi kama kwenye kioo. Nikachora pembetatu ubaoni, nikaichora tena pembeni, nikawaambia imehama. Kijana mmoja akanyoosha mkono.

"Madamu, hii pembetatu nahama kwenda wapi? Kwao iko vita?"

Darasa zima likaangua kicheko, na mimi nikacheka nao. Lakini nilipofika nyumbani nikaona kwamba wamenifundisha kitu. Hawa wamehama maisha yao yote, na mimi nawahamishia pembetatu ya chaki ambayo haina kazi. Siku hizohizo mwalimu mkuu alikuwa ametuambia kuna shirika limeahidi kutusaidia saruji na mabati ya madarasa mawili, mradi shule ilete mchoro na ichimbe msingi yenyewe. Basi nikamwomba mchoro huo uwe kazi ya darasa langu. Akafurahi, kwa sababu fundi wa kuchora angetaka kulipwa.

Mama, natamani ungewaona wiki zile. Niliwagawa katika makundi, nikawaambia kila kundi libuni jengo kwa maumbo tuliyosoma. Walileta maboksi ya sabuni na mabua ya mtama, wakajenga vijengo vidogo kwa udongo. Mstatili kwa ukuta, pembetatu kwa paa, duara kwa jiko la shule, kama nyumba zao za nyasi. Dirisha moja walilichora vizuri, kisha wakalisogeza kwa hatua sawa mpaka ukuta mzima ukapata madirisha. Walibishana jua la jioni litaingia wapi. Kwa mara ya kwanza sikuhitaji kumwamsha mtu.

Mchoro ulioishinda mingine ulikuwa wa kundi la Poni. Huyu ni msichana wa Kisudan, mrefu, mwenye miaka kama kumi na minane, anaishi na shangazi yake karibu na soko. Hasemi sana. Alichora darasa moja, kisha akaliakisi kupata la pili, na katikati akaweka stoo ya vitabu inayofunguka pande zote mbili. Upande mrefu ulikabili kusini, barabarani, wenye baraza la kukaa watoto mvua ikinyesha. Mwalimu mkuu aliupeleka Arua, ukarudi na muhuri wa lile shirika. Wanafunzi wakaupokea mchoro wao kama mtu anavyopokea mtoto mchanga, kila mtu anataka kuushika.

Tukapima kiwanja nyuma ya madarasa ya zamani. Tulipiga vigingi, tukavuta kamba ya katani, tukahakikisha kona kwa kupima mshazari huu na ule, kona hadi kona, mpaka ikalingana. Halafu wakaanza kuchimba, wavulana kwa wasichana, wakiimba nyimbo za kikabila nisizozijua. Walianzia magharibi. Walipokaribia kona ya mashariki, jembe la Poni likatoa kitambaa.

Alifikiri ni gunia. Akakivuta, kikaja na mfupa.

Hamisi, mpe Mama maji.

Mwanzoni tulijiambia ni mbuzi. Kisha kikatoka kichwa, na hakuna mbuzi mwenye kichwa kile. Nyimbo zilikatika. Niliwaambia watoke kwenye mtaro, wakatoka, isipokuwa Poni aliyebaki amesimama na jembe mkononi kama ameota mizizi. Nilishuka nikamshika mkono. Mtaro ulikuwa na wengi, Mama. Walikuwa wamelala ovyo mmoja juu ya mwenzake, na baadhi yao mikono ilikuwa nyuma, kama iliyofungwa.

Tulimwita mwenyekiti wa kijiji, naye akaita polisi. Askari wawili walikuja kwa baiskeli, wakatazama, wakaandika, wakasema ni mambo ya zamani, tuzike. Hakuna aliyeuliza nani alikuwa nani. Wazee wa hapa walitazama chini. Walijua kwamba watu walikamatwa wakaletwa shuleni, lakini waliobaki walikuwa mbioni, na mwili wa mtu hakuna aliyewahi kuuona.

Mwalimu mkuu akaniita pembeni. Si mtu mbaya, Mama, naye alizika watoto wawili uhamishoni kwa surua. Alisema, "Madamu, mtu wa shirika anakuja mwisho wa mwezi. Asipoona msingi, mabati yanakwenda shule nyingine. Tukusanye hii mifupa kwenye magunia, tuzike nyuma ya vyoo, tuendelee."

Wanafunzi ndio waliojibu. Walikuwa wamesikia, wakaweka majembe chini, wakakaa. Hakuna aliyepiga kelele. Walikaa tu mpaka mwalimu mkuu akaenda zake ofisini.

Tuliitoa mifupa siku ile na siku iliyofuata, tukaipanga juu ya mikeka ndani ya darasa langu la kuta tatu. Mimi mwenyewe niliipanga, pamoja na wake wa walimu wenzangu. Hatukuweza kujua mkono huu ni wa nani. Kazi ilipokuwa karibu kwisha, nikainua mfupa wa paja wenye bamba la chuma lililokazwa kwa skrubu.

Mama, nimekuambia habari za Ismaili? Ni kaka yake Abdala, mkubwa wake. Kabla ya vita alianguka kutoka juu ya lori la pamba, akavunjika paja, akapelekwa hospitali ya Kuluva kwa wamisheni, wakamtia chuma. Alipona lakini alichechemea. Mwaka ule wa themanini alibaki nyuma wenzake walipokimbia, kwa sababu ya mguu, akasema atawafuata polepole. Hakufika. Mama mkwe wangu Zaituni, ambaye watoto wanamwita Habuba kama Wanubi wanavyoita bibi, hakuwahi kukubali kwamba amekufa. Kwake Ismaili yuko Sudan, anauza chumvi, na hajapata nafasi ya kurudi. Wakimbizi walipoanza kumiminika alikaa kando ya barabara akiuliza kila mmoja kama amemwona mtu anayechechemea. Wengi walisema hapana. Mmoja alisema ndiyo, alimwona mtu kama huyo soko la Yei. Alikuwa Poni, siku chache baada ya kufika hapa, kabla sijamjua. Tangu siku hiyo Habuba humtumia Poni maziwa ya mgando kupitia kwangu, na humwita mwanangu.

Nilituma mtu amwite Abdala. Alikuja na mikono yenye grisi, maana alikuwa chini ya gari. Nikampa ule mfupa. Aliugeuza taratibu, akahesabu skrubu kwa kidole, akafika kwenye tundu moja lisilo na skrubu, akasimama hapo. Kuluva waliwahi kuwapa picha ya mguu, ile ya kuonyesha mifupa, na yeye akiwa kijana alikuwa akiishikilia kwenye jua kuwaonyesha rafiki zake. Tundu tupu alilikumbuka. Alikaa chini kwenye vumbi na kuufunika uso wake kwa shati. Miaka yote tuliyoishi Kenya na hapa, sikuwahi kumwona akilia.

Tulikwenda pamoja kumwambia mama yake. Alikuwa uani anachekecha unga wa muhogo. Abdala alianza, nikamalizia mimi. Habuba hakuacha kuchekecha.

"Hiyo si yeye," alisema. "Chuma iko kwa watu mingi. Vita iliweka chuma kwa watu mingi."

"Mama, mimi nilijua hii chuma," Abdala akasema. "Mimi nilishika picha yake."

"Wewe ulikuwa mutoto. Ismaili iko Yei. Huyu binti ya Sudan aliona yeye na macho yake. Wewe nasema yeye nadanganya?"

Kwa siku mbili Habuba alipika, alichota maji, aliwaosha watoto, na jina la Ismaili lilipotajwa alitoka nje. Shehe alikuja akaondoka. Wazee wakataka kuzika haraka, kwa sababu mifupa ilikuwa imekaa wazi na watoto wa shule walikuwa hawalali. Abdala alisema hatazika bila mama yake.

Siku ya tatu Poni alikuja nyumbani. Sikumwita. Alivaa sare safi, akapiga magoti mbele ya Habuba hapo uani, nami nilikuwa mlangoni na mtoto mgongoni.

"Habuba," alisema, "ile siku uliniuliza barabarani, niliona wewe ulikuwa na hamu ya jibu. Yei niliona watu mingi nachechemea. Ismaili sikuona. Jina yake sikusikia hata siku moja."

Chekeche lilisimama.

"Kwa nini wewe nasema leo?" Habuba akauliza.

"Kwa sababu kesho wanataka kuzika yeye, na wewe iko hapa."

Nilidhani atampiga. Mkono aliuinua, ukakaa hewani, kisha akaushusha kwenye unga. Alimtazama yule msichana kwa muda mrefu, uso wake ukibadilika kama mtu anayetafuta kitu chumbani gizani. "Maziwa yangu ulikunywa," alisema hatimaye. Poni akasema, "Nilikunywa, Habuba." Alikuwa akilia, lakini hakuinuka wala hakujitetea.

Habuba alijifunga shuka, akatoka bila viatu, akashika njia ya shule. Tulimfuata. Darasani aliomba aonyeshwe kile chuma. Alikishika kwa mikono miwili, akapitisha kidole mpaka kwenye tundu tupu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hapa daktari alisema skrubu nakataa kuingia. Mimi nilikuwa nalala chini ya kitanda yake. Aliniambia haina shida, mama, moja tu."

Hakulia. Alikaa mkekani akauliza hawa wengine ni nani. Tukamwambia hatujui.

Abdala alitaka kumchukua kaka yake akamzike nyumbani, karibu na baba yao. Shehe alikubaliana naye. Habuba akainua ule mfupa mmoja. "Hii ndiyo mimi najua ni yake," alisema. "Mguu moja nipeleke nyumbani, na ingine yote niache hapa na nani? Mulaze yeye palepale alilala na wenzake. Yote pamoja."

Hivyo ndivyo ilivyoamuliwa, Mama. Kaburi moja, palepale walipotoka, kwenye kona ya mashariki ya jengo letu. Shehe aliomba dua, na katekista wa Wakristo naye akasali, kwa sababu hatukujua nani alikuwa wa dini gani, na siku ile hakuna aliyebishana. Watoto wa shule walileta mawe kutoka mtoni wakayapanga juu.

Sasa mtaro wetu ulikuwa umepita katikati ya kaburi. Mwalimu mkuu alisimama pale mikono kichwani. Kiwanja ni chembamba: huku madarasa ya zamani, huku shamba la watu. Nilirudi darasani, sakafu imepigwa deki lakini harufu ya udongo ule ingali ipo, nikawauliza wanafunzi wangu tufanye nini. Wengi waliogopa hata kutazama mchoro.

Poni alisimama. Tangu siku ile ya uani alikuwa hajasema neno darasani. Alichukua ule mfano wao wa boksi, akachomeka msumari kwenye kona ya kusini-magharibi, akauzungusha robo duara mpaka jengo likalala kusini kwenda kaskazini, mbali na kaburi. "Hii kona haihami," alisema. "Ingine yote nazunguka."

Kijana mmoja akapinga kwamba sasa baraza limeangukia mashariki na madirisha ya magharibi yatachomwa na jua la jioni. Poni akamwambia basi tuliakisi, baraza liende magharibi. Wakajaribu kwa karatasi, wakaona linakubali. Urefu ni uleule, upana ni uleule, stoo iko katikati. Siku nyingine ningeruka kwa furaha. Niliwaambia tu wachukue kamba, tukaenda kupiga vigingi upya. Mtaro wa kwanza tuliufukia. Ule wa pili waliuchimba bila kuimba, na kila aliyetoa jiwe jeupe alilitazama pande zote kabla ya kulitupa.

Mtu wa shirika alikuja kama alivyoahidi. Tulimweleza yote. Alikwenda kaburini, akavua kofia. Aliporudi alipima mtaro, akapima mishazari, akawasikiliza wanafunzi wakimweleza kwa Kiingereza chao kwamba ni jengo lilelile. Akawaambia wamefanya kazi nzuri kuliko mafundi wengi. Kisha akafungua mkoba, akatazama ule mchoro wenye muhuri, akasema jengo lililokubaliwa linakabili kusini na hili linakabili magharibi, na yeye hana ruhusa ya kulibadilisha. Lazima awaulize wakubwa wake. Alisema atarudi.

Hajarudi, Mama. Lori la saruji tumesikia limeshusha mizigo shule nyingine upande wa Arua. Wanafunzi wanafyatua matofali ya udongo baada ya masomo, ukuta umefika magotini, na mvua hizi za kwanza zinaula kila siku. Asubuhi tunakuta umelainika, tunaubandika tena. Mwalimu mkuu haniulizi habari ya mabati wala simwulizi. Huwa namwona kwenye dirisha la ofisi akiwatazama wanavyobandika. Juzi alivua koti akaingia matopeni nao.

Lililobaki kukuambia ni hili. Habari ya kaburi ilisambaa. Watu walianza kuja, wa Midia, wa Ayivu, wengine walivuka kutoka Zaire. Kila mmoja ana mtu wake aliyepotea mwaka ule. Wanasimama kando ya mawe, wanauliza kama palipatikana pete, kama palipatikana mkanda wa namna fulani. Waliolala pale ni wachache kuliko wanaotafutwa. Na aliyejulikana ni mmoja tu, kwa sababu ya chuma. Habuba huenda kila siku baada ya sala ya adhuhuri, anakaa na wanaokuja. Mwanzo nilifikiri anakwenda kwa ajili ya mwanawe. Siku hizi naona anakwenda kwa ajili yao.

Ijumaa iliyopita alikuja mwanamke wa Midia, mnyonge, umri wake ungekuwa kama wangu lakini amezeeka. Mumewe alikuwa fundi cherehani, alichukuliwa akiwa kwenye mashine yake. Alimkuta Habuba amekaa, mimi nikiwa nakusanya majembe. Hakuuliza habari ya pete. Alimwambia, "Mama, wanasema wewe uliona mifupa yote. Mume yangu alikuwa mutu murefu sana. Kulikuwa na murefu?"

Mama, mifupa ile niliipanga mimi. Mrefu na mfupi hawakujulikana. Nilifungua mdomo nimwambie, kwa upole, kwamba hatukuweza kujua.

"Iko," Habuba akasema. "Murefu. Alikuwa nalala karibu na mutoto yangu kabisa."

Yule mwanamke alimtazama. "Wewe uliona?"

"Niliona. Wako iko hapa. Keti."

Nikafunga mdomo. Mwanamke alivua kandambili zake, akakaa ardhini, akaweka kiganja juu ya jiwe, na kilio alichokitoa kilikuwa cha miaka kumi na zaidi. Wanafunzi waliokuwa ukutani wakaacha matofali. Habuba alimsogelea, akamlaza kichwa mapajani, akaanza kumfutafuta vumbi mgongoni. Alinitazama mimi, akanitazama sana, kama anayeniambia thubutu useme. Sikusema. Nilikwenda kumchotea yule mwanamke maji ya kunywa.

Umeniita nije Idi. Sitaweza, Mama, unisamehe. Habuba hali chakula nisipokula naye, na siwezi kumwacha wakati huu. Abdala anasema tutakuja pamoja sote mavuno yakiisha, Mungu akipenda.

Nisalimie kaka yangu mkubwa na mkewe, uwaambie nimefurahi kusikia wamepata mtoto wa kike. Nisalimie shangazi wa Butere, na mjomba muuza miwa nyuma ya msikiti, kama bado anakupunja. Mwalimu wangu wa madrasa mwambie namkumbuka. Hamisi, wewe asante kwa kusoma, na usome shuleni pia.

Ukisimama kwenye sala unitaje, na watoto wangu, na Abdala. Na ukipata pumzi mtaje pia Ismaili bin Zaituni, ili jina lake litamkwe na mtu asiyemjua. Yule fundi cherehani sikuuliza jina lake. Nitauliza nikuandikie.

Mwanao akupendaye,
Rukia